Sanduku la Mtu Asiyekuwapo

Ilianza siku ya Jumatano, siku ambayo sisi wa kambi ya wafanyakazi tunaiita kazi tatu, saa tisa ya mchana, king'ora cha kiwanda kikiwa bado kinalia. Nilikuwa mwisho wa mstari mbele ya dirisha la biro, yaani ofisi, ya barua. Karani akasoma jina langu kwa sauti kubwa, akalisoma tena, na mimi sikuitika.

Lilikuwa jina langu la zamani. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba mimi ni mwoga wa watu. Hata darasani, mwalimu akiuliza jambo ninalolijua vizuri, ulimi unakauka na ninaangalia viatu vyangu mpaka amwite mwingine.

Mwaka ule serikali ilikuwa imetuambia wote tuache majina ya ubatizo, tuchukue ya mababu. Baba hakungoja kusukumwa. Alitukalisha mezani akatugawia majina kama mtu anayegawa nyama: hili lako, hili la mama yako, hili langu. Mimi nilipata jina la nyanya yake, mwanamke ambaye sikumwona hata siku moja, na nyuma yake jina la mto wa kwao. Zamani, tangu nilipoingia masomo, nilikuwa naandikwa jina langu la ubatizo, halafu la ubatizo la baba. Yote mawili yalitupwa pamoja. Kadi mpya za utambulisho zilipokuja, yule msichana wa kwanza hakuwa tena kwenye karatasi yoyote ya nyumba yetu. Mama peke yake alikuwa bado ananiita lile la zamani, jikoni, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili.

Sasa nieleze habari ya visanduku, maana bila hivyo mambo haya hayaeleweki.

Kampuni haikuwa inamletea mtu barua nyumbani. Zote zilifika kwa karani, na ukutani nyuma yake kulikuwa na visanduku vidogo vya mbao, safu juu ya safu, kila kimoja na kipande chake cha katoni chenye jina. Jina moja, sanduku moja. Karani alikuwa na sheria yake na alijisifu nayo sana. Barua ikifika, na jina lililo juu yake halina sanduku, alichukua kisanduku kitupu kinachofuata, akaandika katoni, akaibandika, akatia barua ndani. Hakuuliza mtu. Hakutafuta kama mwenye jina anakaa nyumba gani, au kama anakaa popote. Jina limefika, basi limepata nyumba.

"Kwangu sanduku inajizala yenyewe," alikuwa anasema. "Mi naandika tu."

Langu la jina jipya lilizaliwa hivyo hivyo. Vijana wa Parti, chama cha serikali, waliniletea karatasi ya kuniita nikacheze na kuimba siku ya kupokea wakubwa, na kesho yake nilikuwa na sanduku kama mfanyakazi. Lilikuwa karibu na dirisha, naweza kuliona bila kumsumbua mtu. Hilo lilinifaa. Napita, nageuza jicho, naona tupu, naenda zangu. Visanduku vipya kabisa vilikuwa chini, karibu na sakafu, nyuma ya meza. Hakuna aliyeviona isipokuwa karani mwenyewe.

Na mimi nilikuwa nangoja barua. Nilikuwa nimefanya mtihani wa kuingia shule ya watawa mjini, ile ya bweni inayofundisha wasichana kazi ya uuguzi. Niliufanya kabla baba hajatugawia majina. Watawa walisema watatuandikia, na kila mmoja ajibu kwamba anakuja, kama hajibu nafasi itakwenda kwa mwingine. Baba, ambaye kama wengi kambini aliwaita watawa masoeur, alikuwa amekata neno lake mapema: "Kama barua inakuya, utasoma. Kama haikuye mpaka shangazi yako anapita na lori, utaenda naye Kasenga kuuzisha samaki. Batoto iko mingi hapa. Sitaweza kungoya masoeur maisha yote."

Shangazi alikuwa ameshafika. Lori lake lilikuwa liondoke kesho yake saa sita.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo siku ile ya kazi tatu, nimesimama mstarini ili nitazame kwa karibu kama sanduku langu ni tupu kweli, karani alipoinama nyuma ya meza yake, tukawa tunaona mgongo tu, na sauti ikitoka chini.

"Huyu muntu ni nani? Sanduku yake ya huku chini inajaa! Moya, mbili, tatu! Hakuna anakuya kukamata!" Akalisoma jina tena.

"Pengine alishakufa," akasema mama mmoja mwenye beseni kichwani.

"Hapana, na hii jina yake ya bazungu, alishapanda ndege. Anarudia kwao!"

"Basi umupelekee ku Ulaya, karani. Na utie samaki ya kukausha, kule banakosa!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka ili mtu yeyote asinitazame, na nilicheka vizuri, kwa meno yote, wakati jina langu linachezewa kama mpira wa matambara.

Mkuu wa bloki yetu alikuwa katika mstari huo, amefunga vifungo vya abakosti yake, lile koti la watu wa serikali, mpaka shingoni ingawa joto lilikuwa kali. Yeye hakucheka. Kila mtu alimwita citoyen, raia, kama Parti ilivyotaka.

"Citoyen karani, ile majina tulishatupa. Unaisoma mbele ya bantu juu ya nini?"

"Chef, mi nasoma kile kinaandikwa."

"Basi usome mu roho."

Nikatoka mstarini. Nilitembea mpaka kona, halafu nikakimbia.

Mama alikuwa anageuza bukari, ule ugali wetu, juu ya mbabula ya makaa. Nilimwambia sikioni. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Tatu?"

"Tatu."

"Ni masoeur," mama akasema. "Nani mwingine bado anaandika ile jina? Ni bale masoeur tu!"

Shangazi alikuwa mlangoni anafunga vitunga vyake, vikapu vya samaki, kwa kamba. Alitaka kujua tunanong'ona nini, na mama akamwambia.

"Na wewe ulisimama tu?" akaniuliza.

"Niliona haya."

"Haya! Mwanamuke mukubwa vile, matako kama ya mama yake, anaona haya! Kesho ile haya yako nitaiweka mu kitunga, tutaiuzisha na samaki."

Shangazi hana ubaya. Anamcheka kila mtu, na kwanza anajicheka mwenyewe. Lakini siku ile ningeweza kumtupia maji.

Baba alirudi kutoka kazini, uso umejaa vumbi la tanuru. Mama alimweleza kabla hajakaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa, akavaa shati safi, akachukua kadi yake na kadi yangu.

"Tuende mbio, mbele bafunge."

Njiani alitembea haraka, na mimi nyuma yake karibu kukimbia. Baba si mtu wa maneno. Tulipopita kwenye kisima cha kambi alisema bila kugeuka, "Kama ni ndiyo, nitakutafutia valise. Muntu haende ku masoeur na bintu mu mfuko ya unga." Nilimpenda sana wakati ule. Ninaliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni neno la mwisho zuri aliloniambia.

Kwenye dirisha watu walikuwa wamebaki wachache. Baba akainamisha kichwa karibu na nondo.

"Karani, ile barua tatu ya sanduku ya chini. Iko ya mutoto wangu."

"Kadi."

Baba akatoa kadi yangu. Karani akaitazama, akanitazama mimi, akainama, akainuka na bahasha tatu mkononi. Nikaona wino wa zambarau na muhuri wa shule. Nikaona jina langu, lile la kwanza, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kulala wa watawa. Zilikuwa karibu hivi kwamba ningeweza kuzigusa kama si nondo.

"Hii kadi iko ya muntu ingine," karani akasema, akaonyesha kidole juu. "Huyu sanduku yake njo ile, kule yulu, iko tupu. Hii barua iko ya mwenye hii jina. Ulete kadi ya hii jina, nitakupa mara moya."

"Kadi ya zamani balikamata. Unajua, karani. Hata yako balikamata."

"Najua. Lakini mi natoa barua kwa kadi. Mwenye sanduku anaonyesha kadi ya sanduku. Kama sivyo, kila muntu atakuya hapa kusema, mi niko huyu, mi niko yule." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba maji ni maji. "Basi, baba. Useme tu kwa nguvu, hapa mbele ya bashahidi: hii jina iko ya mutoto yako? Kwako munamuita vile? Ukisema, nitaandika njo wewe ulisema, na nitakupa."

Baba akafungua mdomo.

"Kuko shida gani, citoyen?"

Mkuu wa bloki hakuwa ameenda kwake. Alikuwa ameegemea ukuta pembeni, anavuta sigara na mtu mwingine. Akaja polepole.

"Huyu baba," karani akasema, "anasema ile sanduku ya chini iko ya mutoto wake."

"Ile jina ya saa ile?" Mkuu wa bloki akatabasamu. Akamshika baba begani, kama rafiki. "Kwako, citoyen? Wewe mwenye tunakuhesabia kuwa mufano? Mungali munaitana vile mu nyumba, usiku, mukifunga mulango?"

Yule mwenziwe akacheka kidogo. Baba alikuwa bado ana kadi yangu mkononi. Niliona kidole gumba chake kinasugua ile picha yangu, kinasugua, kama mtu anayetaka kuifuta.

"Hapana, chef," baba akasema. "Kwetu hakuna muntu wa ile jina."

"Njo vile," mkuu wa bloki akakubali.

"Ni mutoto tu alikosea."

"Batoto," akasema mkuu wa bloki.

Karani akazirudisha bahasha chini. Nilisikia sauti ya karatasi ikiingia kwenye mbao. Halafu akashusha dirisha, maana saa ya kufunga ilikuwa imefika.

Tulirudi bila haraka. Mbele ya kisima hicho hicho baba akasema, "Unaelewa?"

"Nimeelewa."

"Juma ingine banachagua kapita wa kusimamia bantu mu tanuru. Yule njo anapeleka majina kule yulu, kwa bakubwa. Kama anapeleka yangu, ni sisi wote tutakula." Akatia kadi zetu mfukoni. "Barua ni karatasi. Unaweza kuandikia bale masoeur ingine."

Nilitaka kumwuliza niandike kwa jina gani, na jibu lao litaingia sanduku la nani, na karani atalitoa kwa kadi gani. Nilitaka kumwuliza pia kama anakumbuka kwamba lile jina alilolikana lilikuwa na lake ndani yake, nyuma ya langu. Sikuuliza. Lakini niliwaza wazi kabisa, na sitaki kuficha: mara ya kwanza baba alinitupa pamoja na nchi nzima, kila baba alikuwa anatupa wake, hakuna wa kulaumiwa. Mara hii alinitupa peke yake, kwa mdomo wake, na hakuna aliyempiga ili aseme.

Nyumbani shangazi alisoma nyuso zetu, akasema, "Haya, basi. Kesho saa sita ku depo ya samaki. Mi singoyangoye muntu."

Tulipokaa kula, mama alinipitishia bakuli la sombe, majani ya muhogo. Nadhani alitaka kunituliza, au alijisahau. Akaniita kwa lile jina, mbele ya wote.

"Usiniite vile tena, mama," nikasema. "Baba amesema kwetu hakuna mtu wa jina hilo."

Sijawahi kusema neno kama hilo mezani. Mama akamtazama baba. Baba akatazama bukari yake, akamega tonge, akalishika bila kulitia mdomoni. Wadogo zangu waliendelea kula, wakagombana juu ya kichwa cha samaki, na mimi nikaona kwamba nilikuwa nimemwumiza mama, yule ambaye hakunikosea chochote. Sikuomba msamaha. Leo bado sijaomba.

Asubuhi iliyofuata niliamka wakati baba anavaa buti zake. Nilingoja atoke. Halafu nikavaa sketi ya buluu na blauzi nyeupe, nguo zangu za masomo, nikamwambia mama ninaenda kununua mkate. Alijua siendi kununua mkate. Alinifunga kifungo cha nyuma cha shingo, akaniacha.

Nilivuka reli, nikapita soko kabla halijajaa, nikafika kwa watawa jua likiwa bado la chini. Kwenye lango nilisimama mpaka mlinzi akachoka kunitazama. "Unauza nini?" akauliza. Nikasema siuzi kitu, ninamtaka mama mtawa wa mitihani. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua.

Mtawa alikuwa mwanamke mzee, miwani imefungwa kwa kamba. Alizungumza Kiswahili cha misioni, neno baada ya neno. Nilimtajia jina langu la kwanza. Akainua miwani, akanitazama.

"Wewe ndiye?" akasema. "Mwanangu, tulikuandikia. Umefaulu vizuri sana. Tulikuandikia tena, tukakuomba utujibu. Halafu tukakuandikia mara ya tatu, kukuaga. Nafasi yako imekwenda kwa msichana mwingine Jumatatu."

Nilisema sikupata barua. Nilijaribu kueleza: majina, kadi, sanduku la chini. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya. Alinisikiliza, na nikaona anahuzunika, lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikuingia kichwani mwake.

"Lakini hazikurudi," akasema.

"Nini, ma soeur?"

"Barua ikikosa mwenyewe, posta inaturudishia. Mwaka huu zimerudi nyingi, kwa ajili ya mambo haya ya majina. Kila iliyorudi, tulimtuma mtu kwenye paroisse, parokia ya kwao, na mapadri wakamtafuta yule mtoto nyumba kwa nyumba. Tumewapata wote. Zako hazikurudi, hata moja. Tukasema, huyu amepata sanduku, barua zimefika. Huyu amesoma, na hataki."

Nilikaa kwenye benchi bila kuambiwa. Nilifikiri juu ya wale wengine, waliokaa mahali pasipo karani mwenye sheria nzuri. Barua zao zilirudi zimechafuka, padri akapiga hodi, nao sasa wanapanga mashuka yao bwenini. Sikuwa na hasira na mtawa. Nilikuwa na hasira na kipande kile cha katoni, kilichoandikwa haraka, bila swali lolote, kwa ajili ya mtu asiyekuwapo.

"Mwaka kesho kuna nafasi," mtawa akasema. Akachukua kalamu. "Hutafanya mtihani tena. Nitakuandikia mwenyewe. Niandike jina gani?"

"Yote," nikasema. "La zamani na jipya, kwenye bahasha moja."

"Na niitume kambini?"

"Hapana, ma soeur. Umpe dereva yeyote wa lori la samaki, wale wanaopitia Kasomeno kwenda Kasenga. Kule hakuna visanduku. Dereva anasimama katikati ya soko na kuita jina, anaita mpaka mtu anaitika. Kama hakuna anayeitika, anarudi nayo."

Aliandika. Halafu akaniangalia juu ya miwani. "Na akikuita, mbele ya soko zima, utaitika?"

Sikujua. Nilimwambia sijui. Nikamshukuru, nikatoka, nikashika njia ya depo ya samaki badala ya njia ya nyumbani, kwa maana jua lilikuwa limepanda na saa sita ilikuwa inakaribia.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Shangazi alikuwa ameketi juu ya vitunga vitupu, kitambaa kichwani, mfuko wangu wa nguo miguuni pake. Mama alikuwa ameuleta na kuondoka. Shangazi akanitazama kuanzia blauzi mpaka viatu.

"Na hii nguo ya masomo," akasema, "unaenda kufundisha basamaki kusoma?"

Nikampa mkono, akanivuta juu.